Tinkicha ya Kivumbasi: Namna ya Kuitengeneza Nyumbani Ukiwa Dar es Salaam

Maswali ninayoulizwa kuhusu tinkicha ya kivumbasi ni yale yale kila siku. Nitumie spiriti gani? Majani mabichi au makavu? Mbona yangu imeota ukungu? Ninywe matone mangapi? Nimeamua kuyajibu yote hapa, kwa kufuata kazi yenyewe kuanzia kuchuma hadi kuhifadhi. Soma mpaka mwisho kabla hujanunua chochote, kwa sababu kosa moja kati ya nitakayoyataja linaweza kukupofusha macho au kukuua.

Tinkicha ni dawa ya majani iliyotolewa kwa kuyaloweka kwenye kileo. Kileo kinavuta mafuta ya mmea na vitu vingine ambavyo maji peke yake hayavitoi vizuri, kisha kinavihifadhi visioze. Chai ya kivumbasi huharibika siku ya pili. Tinkicha iliyotengenezwa vizuri hukaa mwaka na zaidi. Kwangu mimi, faida kubwa kuliko zote ni kipimo: ukishajua umeweka gramu ngapi kwenye mililita ngapi, unajua unachokunywa. Kwenye sufuria ya majani ya kukisia hujui.

Kivumbasi kipi?

Pwani jina hili hubeba mimea zaidi ya mmoja, na wengine husema kirumbasi. Ninaouzungumzia hapa ni ule mkubwa unaokua kama kichaka mpaka kumfikia mtu kifuani au kumpita, ambao wataalamu wa mimea huuita Ocimum gratissimum. Ni ndugu wa mrehani, ila majani yake ni mapana zaidi, yenye meno pembeni. Shina changa ukilizungusha kati ya vidole utahisi lina pembe nne. Majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Maua ni madogo, meupe yanayoelekea rangi ya maziwa, yamejipanga kwenye shuke refu juu ya tawi. Ukifikicha jani, harufu ya karafuu inapanda puani. Iko mimea ya aina hii hii yenye harufu kali zaidi, ya dawa ya kikohozi, nayo inafaa. Inayonuka karafuu ina mafuta ya eujeno kwa wingi, ambayo ndiyo hayo hayo yaliyomo kwenye karafuu ya Pemba.

Kama huna hakika, usibahatishe. Kata tawi lenye maua na majani, ulibane katikati ya gazeti likauke, kisha lipeleke Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wana hifadhi ya mimea iliyokaushwa, na wanaweza kulilinganisha na iliyopo. Muhimbili nako iko Taasisi ya Tiba Asili inayofanya kazi na mimea yetu. Harufu peke yake haitoshi kukuthibitishia mmea utakaoumeza.

Kimetumikaje?

Bibi zetu walichoma matawi yake jioni kufukuza mbu, au waliyaning'iniza mlangoni. Majani yalichemshwa kwa tumbo linalosokota, kwa gesi na kwa kikohozi. Mwenye mafua alifunikwa shuka juu ya sufuria akapiga nyungu. Majani yalitafunwa kwa fizi zinazouma. Hayo ni matumizi ya jadi, na nayaheshimu kwa dhati. Maabara zimeonyesha kuwa mafuta ya kivumbasi hufukuza mbu na kuzuia baadhi ya bakteria na fangasi. Kutoka kwenye maabara hadi kusema dawa hii inaponya ugonjwa fulani mwilini ni safari ndefu, na mtu anayekuambia tinkicha ya kivumbasi inatibu malaria, kisukari au typhoid, mkimbie.

Katika matumizi yote hayo, yanayofaa kwa tinkicha ni matatu: tumbo lenye gesi au msokoto mdogo, kusukutua mdomo na koo, na kupaka palipoumwa na mbu. Ya nyungu na ya kufukuza mbu yaache kwenye majani yenyewe. Tinkicha ukiipaka mwilini harufu yake huondoka upesi, na wewe bado unahitaji chandarua.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Majani na vichwa vya maua vya kivumbasi, gramu 250 hadi 300 vikiwa vibichi. Vikikauka utapata karibu gramu 50.
- Kileo cha kunywa chenye nguvu ya asilimia 35 hadi 40, mililita 300.
- Chupa ya kioo ya mdomo mpana yenye kifuniko kinachobana, ya nusu lita. Ya jamu au ya asali inafaa.
- Mizani ya jikoni ya kidijitali. Hii usiiruke.
- Mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, la mililita 1 na la mililita 5, kutoka duka la dawa.
- Ungo au wavu wa kuanikia.
- Kipande cha melikani safi (kitambaa cheupe cha pamba), kilichofuliwa bila sabuni ya manukato.
- Chupa ndogo za kahawia. Maduka ya vifungashio Kariakoo wanazo.
- Kalamu ya wino usiofutika na karatasi ya lebo.

Kuhusu kileo, soma mara mbili

Spiriti ya kusafishia vidonda hainywewi. Spiriti ya rangi ya buluu au zambarau hainywewi. Sanitaiza hainywewi. Vitu hivyo huwekewa methanoli au kemikali nyingine makusudi, na methanoli huharibu mishipa ya macho na kuua. Kuichuja kwa mkate au mkaa, kama wengine wanavyodai, hakuiondoi. Gongo nalo liache kabisa: ni haramu kisheria, na hakuna anayejua kilichomo.

Nunua kileo cha dukani kilichofungwa, chenye stempu ya kodi ya TRA ambayo haijachanwa. Konyagi ina asilimia 35 na inatosha kwa majani makavu. Vodka ya asilimia 40 ni bora zaidi kidogo. Ukiona mtu anakuuzia kwenye vipakiti vya plastiki, kumbuka viroba vilipigwa marufuku tangu Machi 2017, kwa hiyo hicho anachouza kina mashaka toka mwanzo.

Kwa asiyetumia kileo, awe Mwislamu au mtu aliyeacha pombe, tumia siki ya asilimia 5 badala yake. Hatua ni zile zile, isipokuwa wiki mbili za kuloweka zinatosha, kifuniko kiwe cha plastiki kwa sababu siki hula chuma, na dawa ikae kwenye friji isizidi miezi 6. Siki haivuti mafuta ya kivumbasi kama kileo kinavyovuta, hivyo itakuwa nyepesi. Inafaa kwa kusukutua na kwa tumbo. Gliserini ya kupaka ngozi inayouzwa madukani usiitumie kwa dawa ya kunywa.

Kazi yenyewe

1. Chuma mahali safi. Usichume kando ya Barabara ya Mandela, wala kwenye mtaro, wala Bonde la Msimbazi. Mto ule hubeba maji ya vyoo na ya viwanda, na mimea inanyonya. Kileo kitaua vijidudu, lakini hakitoi risasi wala madini mengine mazito yaliyokwisha kuingia kwenye jani. Ukipata shamba la jamaa Kigamboni, Chanika au Bunju, vizuri. Bora zaidi panda mwenyewe: ndoo iliyotobolewa chini, udongo wenye samadi kidogo, na mbegu zilizonyunyizwa juu juu. Kivumbasi hakina makuu.

Chuma asubuhi umande ukishakauka na jua halijawa kali, maua yanapoanza kufunguka. Kata theluthi ya juu ya tawi. Shina libaki, litachipua tena.

2. Chambua. Toa majani ya njano, yenye madoa na yaliyoliwa na wadudu. Toa mashina magumu. Kama kuna vumbi, suuza haraka kwa maji safi na ukung'ute mara moja. Usiloweke.

3. Kausha. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Hewa ya Dar ina unyevu mwingi mwaka mzima, na wanaoniletea chupa zenye ukungu karibu wote waliharakisha hatua hii. Tandaza majani kwenye ungo, tabaka moja, yasilaliane. Weka kivulini, ndani, penye upepo. Feni ikizunguka ni bora. Jua la moja kwa moja linapeperusha mafuta unayoyataka. Jikoni pasiwe mahali pake, maana mvuke wa sufuria unarudisha unyevu. Sakafuni pia hapafai.

Geuza asubuhi na jioni. Kipindi cha kipupwe, Juni hadi Agosti, siku nne hadi sita hutosha. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, ningekushauri usubiri. Ukilazimika, tumia chumba chenye feni usiku na mchana na ukague kila mara.

Majani yamekauka pale yanapovunjika mkononi kama majani ya chai, na kijitawi kikikunjwa kinakatika kwa sauti. Kikipinda tu, bado. Yakionekana na utando mweupe au harufu ya chumba kilichofungwa, yatupe yote. Usichambue ukabakiza mazima; ukungu huenea usikouona.

Kwa nini nasisitiza makavu? Piga hesabu. Jani bichi lina maji kiasi cha gramu 80 kwa kila gramu 100. Ukitia gramu hizo 100 kwenye mililita 200 za kileo cha asilimia 35, kileo halisi ni mililita 70, na pamoja na maji ya majani ujazo wote unafika karibu mililita 280. Nguvu imeshuka mpaka asilimia 25. Hapo uko ukingoni mwa kuoza. Majani mabichi yanataka kileo cha nguvu kubwa zaidi kuliko hiki tunachokipata kirahisi madukani.

4. Andaa chupa. Ioshe, ichemshe kwenye maji kwa dakika 10 ikiwa imezama, kisha igeuze juu ya kitambaa safi ikauke kabisa. Tone la maji lililobaki linapunguza nguvu ya kileo.

5. Pima. Gramu 50 za majani makavu kwa mililita 250 za kileo. Hiyo ni moja kwa tano. Usipime kwa kikombe. Majani mepesi hujaza kikombe bila uzito.

6. Vunja majani. Kwa mkono, au kwa kinu kidogo, yawe vipande vidogo. Usiyasage yakawa unga. Unga huziba kitambaa wakati wa kuchuja, na tope lake hubaki kwenye dawa.

7. Mimina kileo. Jaza majani chupani, mimina, kandamiza kwa kijiko safi mpaka viputo vya hewa vitoke. Majani yote yawe chini ya kileo. Kama bado yanachungulia kesho yake, ongeza mpaka mililita 50 na uandike kiasi hicho kwenye lebo. Fanya kazi hii mbali na jiko la gesi, la mkaa na mshumaa. Kileo hushika moto, na mvuke wake pia. Kamwe usiichemshe ili "iive haraka".

8. Weka lebo sasa hivi, si baadaye. Jina la mmea, sehemu iliyotumika, gramu, mililita, asilimia ya kileo, tarehe, na neno DAWA kwa herufi kubwa. Kwenye nyumba ya watu wengi chupa isiyo na jina ni hatari, hasa ikiwa inanukia kileo.

9. Loweka wiki tatu hadi nne. Kabatini, gizani, mbali na watoto. Tikisa kila siku. Siku za mwanzo angalia kama majani yamenyonya na kuibuka juu.

10. Kamua na uchuje. Tandika melikani juu ya bakuli la kioo, mimina, kisha sokota kitambaa ukamue kwa nguvu zako zote. Dawa nyingi iko ndani ya majani hayo yaliyolowa. Tarajia mililita 180 au karibu na hapo. Iache itulie usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa, kisha mimina polepole kwenye chupa za kahawia, ukiacha tope chini. Andika lebo upya. Makapi yakaushe nje na uyaweke kwenye mbolea. Usiyatupe kwenye moto yakiwa bado yamelowa kileo.

Namna ya kutumia

Kwa mtu mzima mwenye afya, tumbo likiwa na gesi: mililita 1 iliyopimwa kwa bomba, ndani ya nusu glasi ya maji, baada ya chakula. Isizidi mara tatu kwa siku, wala isizidi siku tatu mfululizo. Acha kuhesabu matone. Tone la kileo ni dogo kuliko la maji, na kila kifaa cha kudondoshea kina mdomo wake.

Kusukutua: mililita 5 kwenye nusu glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua, tema. Eujeno hutia ganzi kidogo, ndiyo sababu mafuta ya karafuu yametumika siku nyingi kwa jino linalouma. Ganzi hiyo isikudanganye. Jino lililotoboka linahitaji daktari wa meno.

Kupaka palipoumwa na mbu: changanya na maji sawa kwa sawa, jaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono na usubiri siku nzima. Pakiwasha au kuwa pekundu, acha. Usipake kwenye kidonda kibichi, karibu na macho, ndani ya sikio, wala kwa mtoto mchanga.

Nani asinywe

Mjamzito na anayenyonyesha. Watoto. Mwenye ugonjwa wa ini. Mtu anayepambana kuacha pombe. Anayetumia metronidazo, ile ambayo wengi huiita Flagyl, kwa sababu ikikutana na kileo inaweza kuleta kutapika na moyo kwenda mbio. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, na anayetarajia upasuaji. Anayetumia dawa za kisukari asinywe kabla ya kuongea na daktari wake, kwani kwa wanyama wa maabara kivumbasi kimeonekana kushusha sukari.

Na hili nalisema kwa uzito wote: homa ikipanda, nenda zahanati ukapime malaria. Kipimo cha haraka kinatoa jibu ndani ya dakika chache, na malaria iliyocheleweshwa kwa sababu ya chupa ya majani inaua watoto na watu wazima. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi ni cha kupimwa kifua kikuu. Tumbo linalouma upande mmoja, lenye homa, au choo chenye damu, ni la hospitali siku hiyo hiyo.

Ikienda vibaya

*Imeota utando au ukungu juu.* Majani hayakukauka au yalielea nje ya kileo. Mwaga. Kuchuja hakuiokoi.

*Inanuka uchachu.* Kama hukutumia siki, kileo kilikuwa dhaifu au kilichakachuliwa. Mwaga, na ubadilishe duka.

*Imekuwa kahawia, haina kijani tena.* Hilo ni la kawaida. Kijani cha majani hufifia kwa muda, hasa chupa ikiwa imekaa penye mwanga. Harufu ikiwa bado ni ya kivumbasi, iko sawa.

*Ikitiwa kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa.* Hayo ni mafuta yanayojitenga na kileo kikipungua nguvu, dalili kwamba umeyapata. Koroga unywe.

*Haina harufu yoyote.* Majani yalianikwa juani, au yalikaa sokoni muda mrefu. Kuongeza wiki za kuloweka hakutarudisha kilichopotea. Rudia kwa majani mapya.

*Tope limejikusanya chini.* Mimina polepole, acha tope. Likiendelea kuongezeka kila wiki, chuja tena kwa melikani iliyokunjwa mara mbili.

*Nimekunywa na nimepata vipele, midomo inavimba.* Acha hapo hapo na uende hospitali, ukibeba chupa yenye lebo yake. Aliyewahi kudhurika na karafuu au mrehani asiijaribu kabisa.

*Mtu amekunywa chupa iliyotengenezwa kwa spiriti isiyojulikana.* Usisubiri dalili. Sumu ya methanoli inaweza kuchukua saa nyingi kabla macho hayajaanza kuona ukungu, na muda huo ndio unaookoa. Hospitali mara moja, na chupa iende naye.

Ukitaka kuuza

Chupa ya nyumbani ni ya nyumbani. Tiba asili nchini zinasimamiwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala ndilo linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Mahali pa kuanzia ni kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako: Jiji la Dar es Salaam (iliyokuwa Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Nenda na maelezo yako yaliyoandikwa, yaani mmea, ulikochumwa, gramu, mililita na tarehe, kwa sababu hayo ndiyo watakayokuuliza kwanza.